Shokapu za Mbele na Kona Zetu

Bodaboda akianguka kwenye kona huku kwetu, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla majeruhi hajainuliwa. Mwendo kasi! Trafiki atasema mwendo kasi, mwenyekiti wa kijiwe atasema mwendo kasi, na mama wa mihogo aliye ng'ambo ya barabara, ambaye wala hakuona kitu, naye atasema hawa vijana wana mwendo kasi. Wengine wataongeza bangi na pombe, basi, faili limefungwa.

Sina ugomvi na hukumu hiyo kwani mara nyingi ni ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba ni fupi mno. Mwendo ni nusu tu ya kona. Nusu ya pili ipo mbele ya magoti ya dereva, katika vyuma viwili virefu vyenye springi na oili ndani, ambavyo mafundi wetu wa Tunduma huviita shokapu za mbele. Vyuma hivyo vina historia yake, na historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, maana naona kila siku watu wazima, wenye akili zao timamu, wakipanda kitu wasichojua kilitoka wapi wala kilitengenezwa kwa ajili ya mzigo gani.

Mimi ni msaidizi wa fundi katika gereji moja ya uchochoroni, huu mwaka wa nne. Najua wenzangu wa kalamu wataniuliza, pikipiki na fasihi wapi na wapi? Nami nawauliza: mbona jahazi limeandikwa, gari moshi limeandikwa, hata daladala limeandikwa, na chuma hiki kinachowalisha vijana wengi wa mji huu hakijapata hata ukurasa? Haya, tuanze.

Tunduma ni mji wa mpakani. Ukivuka tu, umeingia Nakonde, Zambia. Kwacha na shilingi zinabadilishana mikono barabarani, na malori yanapanga foleni hadi mtu unasahau kwamba lami ilijengwa ili vitu vitembee. Tangu mwaka 2016 sisi si watu wa Mbeya tena, tuko mkoa wetu wa Songwe wenye makao makuu Vwawa. Kutoka hapa barabara kuu inaelekea mashariki kupitia Vwawa na Mlowo hadi Mlima Senjele, ambao kila dereva wa lori anaujua na si wote wanaousimulia wakiwa wazima. Nyingine inapanda kwenda Sumbawanga. Nyingine inachepuka pale Mpemba kwenda Isongole, wilayani Ileje, kuelekea Malawi. Na ziko zile za vumbi za kuteremkia Kamsamba na bonde la Rukwa, ambazo sitazisema sana leo kwa kuwa nitakosa pa kuishia.

Barabara hii kuu haikuja kwa ajili yetu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo njia zake za baharini zilipita kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mafuta na shaba vikaanza kupita huku juu kwa malori, kati ya Dar es Salaam na Zambia, katika barabara ya udongo ambayo Wazungu waliipachika jina la njia ya jehanamu. Malori yalizama, yalipinduka, yaliungua. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa na Wachina pamoja na wafanyakazi wa Tanzania na Zambia kuanzia 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976. Ninaisimulia habari hii kwa sababu moja: lami yetu, na kila kona yake, ilipimwa kwa ajili ya lori.

Na lori na pikipiki havikati kona kwa namna moja.

Lori linapokata kona hubaki limesimama, matairi yakigombana na lami. Pikipiki sharti ilale. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiingia kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inatakiwa ilale nyuzi 14 hivi kutoka wima. Ukiingia kwa 60, inakaribia nyuzi 30. Umeongeza mwendo kwa nusu tu, lakini ulalaji umezidi mara mbili. Hapo wanaolaumu mwendo wana hoja, tena hoja nzito.

Lakini pikipiki inalazwaje? Wengi wanadhani unageuza usukani kuelekea unakokwenda, kama baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. La hasha. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye yeye na mdogo wake Orville walikuwa watengeneza baiskeli huko Dayton, Marekani, aliligundua jambo hili zamani: anayetaka kwenda kushoto huanza kwa kugeuza usukani kidogo kulia, baiskeli ikaangukia kushoto, ndipo gurudumu likaifuata. Waendeshaji walikuwa wanafanya hivyo kila siku bila kujua kama wanafanya. Vijana wa kijiweni kwetu nao ni hivyo hivyo. Mwambie mmoja kwamba ukitaka kushoto unasukuma mbele mkono wa kushoto. Atakucheka, atapanda, ataufanya mchezo huo huo mbele ya macho yako, halafu atarudi kukubishia.

Sasa tazama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali. Ukikisukuma kitanda, gurudumu linajigeuza lenyewe na kufuata nyuma ya mhimili wake. Gurudumu la mbele la pikipiki lina tabia ya namna hiyo. Shokapu hazisimami wima, zimeegama kuelekea nyuma kwa juu. Ukiurefusha kwa macho ule mstari unaopita katikati ya kichwa cha fremu, pale usukani unapozungukia, utaona unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali wa kati ya nukta hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lifuate. Kwa Kiswahili sijasikia jina lake likitumika gerejini, basi mimi nauita mburuto, maana tairi linaburutwa nyuma ya mstari wake. Na ule ulalo wa shokapu nauita mwegamo. Mwenye maneno mazuri zaidi ayalete, kalamu si yangu peke yangu.

Mwaka 1970 Mwingereza mmoja, David Jones, alichapisha habari ya jaribio la kuchekesha: alijitahidi kutengeneza baiskeli isiyopandika. Alifunga gurudumu la ziada lililozunguka kinyume ili kuua ile nguvu ya mzunguko ambayo watu waliamini ndiyo inayoisimamisha baiskeli. Bado ikapandika. Ila alipouchezea mburuto, akalisogeza gurudumu mbele mno, ndipo alipopata baiskeli ya kumtupa mtu chini. Mambo ya kusimama na kulala kwa chombo cha magurudumu mawili yana sababu nyingi, na wataalamu hawajaacha kubishana; lakini tangu hapo hakuna fundi makini anayeudharau mburuto.

Tufanye hesabu moja ndogo, ya kidato tu. Tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 300, mwegamo wa nyuzi 26, shokapu zimekaa milimita 40 mbele ya ule mstari: mburuto unatoka milimita 102 hivi. Hiyo ni pikipiki ya kawaida, inakwenda sawa na kona inaingia. Ukizidi mburuto, pikipiki inatulia kwenye mnyooko lakini inakuwa mbishi kwenye kona. Ukipungua, inakuwa nyepesi kama swala, na kama swala inashtuka ovyo. Ishike hesabu hii, tutairudia.

Hizo shokapu zenyewe hazikuanza jana. Pikipiki za kwanza zilikuwa baiskeli zilizofungwa injini, na uma wao ulikuwa uma wa baiskeli, chuma kitupu. Kila shimo lilikuja moja kwa moja kwenye viganja. Alfred Angas Scott, mtu wa Yorkshire, Uingereza, alikuwa anauza pikipiki zenye uma wa mabomba yanayoingiana tangu 1908. Wengi hawakumfuata. Kwa miaka mingi walitumia uma wa fito zilizounganishwa kwa viungo, na springi moja mbele ya usukani. Namna hiyo ya vyombo ndiyo iliyofika huku wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale 1916, Jenerali Smuts alipokuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini katika kampeni ya kuwafukuza Wajerumani. Katika tope la masika ya nchi hii! Nani asiyejua nani alishinda kati ya tope na springi moja?

Mwaka 1934 Wadenmark walitoa Nimbus yenye shokapu za bomba, na mwaka uliofuata BMW ya Ujerumani ikatoa R12, na ndani ya bomba zake kulikuwa na oili. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Springi peke yake ni kama mtoto aliyerushwa juu ya kitanda: haiachi kurukaruka. Oili ikilazimishwa kupita katika tundu dogo inaipunguzia springi wazimu, tairi linashuka na kukaa chini. Na tairi lisilokuwa chini haligeuzi kitu. Unaweza kuwa na mburuto wa kitabuni kabisa, kama tairi lipo hewani kwa theluthi ya kona, theluthi hiyo unakwenda moja kwa moja. Vita ya pili ilipokuja, pikipiki za Matchless za jeshi la Uingereza zilipewa shokapu za oili mwaka 1941, na baada ya vita kila kiwanda kikataka za kwake. Norton walizipa zao jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "mshika barabara". Majina ya zamani yalikuwa na maana.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Kopabelti, kama Wanyiha na Wanyamwanga wengi wa wakati wake, akarudi na BSA Bantam. Pikipiki hiyo ilitoka mwaka 1948, sentimita za ujazo 123, na shokapu zake za mwanzo zilikuwa za grisi na springi tu, hazina oili ya kutuliza. Mama anasema babu alikuwa akifika kwenye kona anapunguza mwendo mpaka kuku wanampita, na watu walimwita mwoga. Mimi nasema babu alikuwa anaijua shokapu yake.

Na hapa nina neno la pembeni kwa wale wanaozidharau pikipiki zetu za Kichina ati ni za kuiga. Bantam hiyo ya Mwingereza ilikuwa nakala ya DKW RT125 ya Mjerumani, michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Yamaha ya kwanza kabisa, mwaka 1955, ilitokana na pikipiki hiyo hiyo. Harley-Davidson nao waliinakili. Kuiga hakukuanzia kwa Mchina, bwana.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Honda. Huko Japani miaka ya 1950 mashindano yao makubwa yalikuwa Asama, njia ya vumbi na jivu la volkano. Mwaka 1959 Honda wakaenda Uingereza kwa mara ya kwanza, kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, barabara ya lami yenye kona juu ya kona kati ya kuta za mawe. Pikipiki zao zilikuwa na uma wa mkono mfupi unaobembea pale chini kwenye ekseli, ule ule tunaouona hadi leo kwenye Honda ndogo za Super Cub. Si kwamba ulikuwa mbovu. Mjapani wao bora, Naomi Taniguchi, alimaliza wa 6 katika daraja la 125. Lakini walirudi nyumbani na somo, na mwaka 1960 wakaja na shokapu za bomba. Mwaka 1961 Mike Hailwood aliwapa ushindi wa 125 na wa 250 huko huko Man. Bila shaka walibadilisha mengi, injini kwanza. Ila mimi ninachokiona ni hiki: uma ule wa 1959 ulikuwa bado unafuata mazoea ya njia ya jivu, na barabara ilikuwa imebadilika.

Kila uma unaikumbuka barabara uliyolelewa. Ndiyo maana nikauliza swali la kwanza kabisa gerejini: hizi za kwetu zinakumbuka barabara gani?

Jibu ni refu kidogo. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambako mwenye chombo hana muda wala hela ya kukihudumia. Injini yake ngumu ilipendwa, na Wachina wakaja kuitengeneza na kuinakili kwa wingi usio na mfano. Wahindi nao, Bajaj wakiwa na Kawasaki na TVS wakiwa na Suzuki, walijifunza kazi katika miaka ya 1980 wakatoka na zao. Hizi ndizo baba na mama wa pikipiki za vijiwe vyetu. Zote zina kiti cha watu wawili. Dereva na abiria wake, kwenda kazini, kurudi nyumbani. Huo ndio mzigo ambao mwegamo ule ulipimiwa.

Huku kwetu pikipiki ilikuwa kwanza ya bwana shamba, ya padri, ya mratibu elimu. Fedha za kigeni zilikuwa za mgawo. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za nje kuleta bidhaa, ikafuata enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi, vitu vikaanza kuingia. Lakini pikipiki ya abiria ilibaki kitu cha kukimbizana na polisi. Wenzetu wa mpaka wa Kenya na Uganda, kule Busia, walikuwa wamekwisha anza kuvushana kwa baiskeli tangu miaka ya 1960, ndiko lilikotoka jina la bodaboda: mpaka hadi mpaka. Kwetu Tanzania kanuni za leseni za pikipiki za biashara zilitoka mwaka 2010. Abiria mmoja, kofia ngumu, leseni. Mji wa mpakani kama Tunduma ukapokea jina ambalo kwa kweli lilikuwa lake tangu zamani.

Kanuni ilisema abiria mmoja. Maisha yakasema mishikaki. Mama, watoto wawili na begi; au abiria hakuna, kuna gunia. Na gunia lenyewe ni lumbesa.

Turudi kwenye hesabu yetu. Pikipiki hizi zina kama sentimita 125 kati ya ekseli na ekseli. Gunia la kilo 100 likifungwa kwenye keria, uzito wake ukaangukia sentimita 12 na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, halibebwi na tairi la nyuma tu. Linainua la mbele. Kilo 10 zinaondoka mbele, na nyuma panabeba 110. Mkia ukididimia sentimita 6 tu, mwegamo unatoka nyuzi 26 unakaribia 29, na mburuto unatoka milimita 102 unafika kama 119. Sasa una pikipiki mbishi iliyokosa uzito mbele. Unaisukuma ilale, haitaki. Kona inaendelea kujikunja, wewe unaendelea kunyooka. Na sisi tunaendesha kushoto: kona ya kushoto ikikushinda inakutupa kulia, upande wa lori linalokuja. Dereva wa lori lenyewe ataapa kwamba kijana alimfuata.

Vijana si wajinga. Walikwisha kuona kwamba mkia unadidimia, wakatafuta dawa. Wanafunga springi nene nyuma, wengine wanaongeza shokapu za pili, zinakuwa nne badala ya mbili. Mbele nako wanaingiza kipande cha bomba juu ya springi ili isibonyee. Kwa mzigo, dawa inafanya kazi, sitasema uongo. Kinachosahaulika ni kwamba gunia lina safari ya kwenda tu.

Rafiki yangu mmoja wa kijiweni alikuwa na pikipiki ya mkataba, ile ya kumlipa tajiri kila wiki hadi chombo kiwe chako. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Siku hiyo alipeleka mahindi upande wa Ileje akashusha salama, akarudi mtupu. Pale kwenye mteremko wenye kona, kabla ya kurudi barabara kuu, akashika breki ya mbele kama kawaida. Anasema mbele ilizama kama mtu aliyekatwa magoti, usukani ukageuka wenyewe, akajikuta mtaroni, mguu umevunjika mara mbili. Mwendo kasi, alisema askari aliyefika. Shahidi hakuwepo. Tajiri alichukua chombo chake, na mkataba ukaishia hapo, pamoja na hela zote zilizokwisha lipwa.

Pikipiki ile ililetwa kwetu kutengenezwa, nami ndiye niliyeifungua. Nyuma kulikuwa na shokapu nne ngumu, hazibonyei bila mzigo, mkia uko juu kama wa mbuzi. Mbele, shokapu ya kulia haikuwa na oili kabisa, sili zilikuwa zimekatika. Ya kushoto ilikuwa na oili nzito ya gia. Nikakaa chini na kalamu. Breki ikibonyeza mbele sentimita 6 wakati mkia haujashuka, mwegamo unatoka nyuzi 26 unafika 23 na nusu hivi, mburuto unabaki milimita 87. Na huyu alikuwa ameanza na mkia ulioinuliwa, kwa hiyo alianzia pungufu. Chombo kilichokuwa kibishi asubuhi, kimekuwa chepesi kupita kiasi jioni, na mkono wake ulikuwa umezoea ubishi wa asubuhi. Juu ya hayo, shokapu moja inaruka kwa kukosa oili na ya pili inakawia kurudi kwa sababu oili yake ni uji. Shimo la kwanza linaikunja, la pili linaikuta bado imekunjwa, la tatu inakuwa imelala kabisa, kama vile hakuna springi. Sikuwepo, na sina kipimo cha mwendo wake siku ile. Lakini nilivyoviona mezani vilitosha kumwangusha mtu anayekwenda kwa adabu.

Niliwaeleza watu hesabu hizi. Mmoja akaniambia, "Dogo, wewe unasomasoma sana." Mwingine, kwa nia njema, akaenda kushusha shokapu zake za mbele sentimita 2 kwenye vishikio, akisema anataka kona ziingie. Sentimita 2 ni karibu nyuzi 1, ni kama milimita 6 za mburuto. Kwa mtu anayepakia abiria mmoja mwepesi si jambo la hatari sana. Kwa aliyeinua mkia, ni kumwongezea mlevi glasi. Nilimrudishia bure.

Fundi wangu hapendi kuhubiri. Yeye akiletewa pikipiki inayokataa kona, haanzi na injini. Anainyanyua mbele kwa tofali, anaushika uma chini na kuuvuta mbele na nyuma kusikia kama beringi za stelingi zinacheza. Halafu anauzungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukijikwamisha pale katikati, beringi zimechimba shimo lake, na pikipiki kama hiyo haitakwenda sawa wala haitakata kona vizuri. Halafu anazifungua shokapu, anazilaza zile bomba juu ya kioo cha meza ya sebuleni alichookota mahali, anazivingirisha. Iliyopinda inaonekana hapo hapo, inachungulia mwanga chini yake. Oili anapima kwa chombo cha dawa ya kikohozi, sawasawa kulia na kushoto. Kazi hiyo yote ni ya asubuhi moja, na wateja wengi wanaikataa kwa sababu injini inanguruma vizuri. Watu wetu wanapenda kulipia kinachonguruma.

Kuna kitu kingine alichonionyesha, nacho kimenisumbua kuliko hesabu zote. Pikipiki nyingi zinapotoka kiwandani zina pete chini ya springi ya nyuma, yenye ngazi kama tano zilizochongwa. Unaizungusha kwa spana ya ndoano: ngazi ya juu kwa mzigo, ya chini kwa kurudi mtupu. Ni kazi ya dakika mbili. Mhandisi wa huko mbali, ambaye hakuwahi kuiona Mpemba, alikwisha kufikiria kwamba mtu atapakia na atashusha. Nimezichunguza pete hizo kwenye pikipiki za vijiwe vitatu. Karibu zote zimeshikwa na kutu pale pale zilipotoka kiwandani, na spana yake imetupwa pamoja na mfuko wake siku ya kwanza.

Rafiki yangu anatembea kwa mkongojo bado. Siku hizi hukaa kwenye benchi letu gerejini, na kazi aliyojipa mwenyewe ni kuzilegeza pete hizo kwa mafuta ya taa na nyundo ndogo, shilingi mia tano, akimpenda mtu ni bure. Pikipiki ikiingia, kabla mwenyewe hajaeleza inasumbua nini, yeye huwa amekwisha inama kutazama pete iko ngazi ya ngapi.